Ubatizo Mmoja na Mlango wa Kurudi

Somo kwa makatekista na kwa wakubwa wa jumuiya

1. Swali la usiku

Katika vijiji vingi vya kando ya Ziwa Tanganyika, na vilevile katika mitaa ya miji ya machimbo, kuna swali ambalo Mkristu huulizwa njiani, sokoni, hata penye matanga: "Je, umezaliwa mara ya pili?" Aulizaye mara nyingi ni mtu mwenye bidii ya Neno la Mungu. Aulizwaye mara nyingi ni Mkristu aliyebatizwa zamani, aliyejibu maswali yote ya Katekismu mbele ya padri, lakini leo hana jibu. Hushika rozari yake mfukoni, akanyamaza, akaenda zake. Naye akifika nyumbani, moyo wake humwuliza tena.

Uwe mfano wa mtu mmoja. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, akapokea Komunyo ya kwanza na Kipaimara, akafunga ndoa kanisani. Kisha akaenda Kolwezi kutafuta kazi ya machimbo. Miaka ya kwanza alituma fedha nyumbani, baadaye fedha zikapungua, mwisho zikakoma. Huko akachukua mwanamke mwingine, akazaa naye mtoto. Mke wake wa ndoa akabaki kijijini, akalima peke yake, akauguza peke yake, akamzika mtoto wao wa pili peke yake. Miaka tisa ikapita. Mtu yule akarudi na kikohozi na sanduku moja. Mke wake alimfungulia mlango, akampa maji ya kuoga na chakula, lakini hakumwambia neno.

Siku zile mhubiri mmoja alipita kijijini. Alipomsikia habari zake alimwambia kwamba ubatizo wa mtoto mchanga ni maji matupu, na kwamba maisha yake mabaya ndiyo ushuhuda wa jambo hilo. Basi kesho asubuhi ashuke ziwani, azamishwe, azaliwe upya. Usiku ule mtu yule alibisha mlango wa katekista, akasema: "Mwalimu, niliyoyafanya unayajua. Ubatizo wangu haukunizuia. Je, ulikuwa wa uongo? Nikiingia ziwani kesho, nitakuwa mtu mpya?"

Kumjibu vibaya mtu kama huyu ni kumpoteza, na njia za kumpoteza ni mbili. Akiambiwa, "Wewe umekwisha batizwa, yatosha," atalala katika dhambi yake kama alalaye katika nyumba inayoungua. Akiambiwa, "Wewe umeharibu ubatizo wako, huna fungu tena kwetu," atakata tamaa. Yafaa basi kila katekista ajue imani ya Kanisa juu ya dhambi, juu ya wokovu, na juu ya kuzaliwa upya, ili swali la usiku lisimkute mikono mitupu.

2. Mgeni mwingine wa usiku

Mtu wa kwanza kuuliza jambo hili naye alikuja usiku. Mtakatifu Yoane, katika sura ya 3 ya Evanjili yake, asimulia habari za Nikodemo, Mfarisayo na mkubwa wa Wayahudi. Yezu alimwambia kwamba mtu asiyezaliwa upya kutoka juu hawezi kuuona Ufalme wa Mungu. Nikodemo akastaajabu, akauliza namna gani mzee aweza kurudi katika tumbo la mama yake. Yezu akamweleza kwamba kuzaliwa huko ni kwa maji na kwa Roho.

Mambo matatu yafaa kuangaliwa katika mazungumzo hayo.

La kwanza: hakuna mtu ajizaaye mwenyewe. Mtoto hakuchagua siku ya kuzaliwa kwake, wala hakumlipa mama yake. Alipokea uzima. Ndivyo ilivyo katika roho: kuzaliwa upya si kazi ambayo mtu huimaliza kwa nguvu zake, ni zawadi ya Mungu.

La pili: Yezu ameunganisha maji na Roho. Hakusema maji peke yake, kana kwamba ubatizo ungekuwa dawa ya mganga. Wala hakusema Roho peke yake, kana kwamba alama iliyowekwa naye ni bure. Kilichounganishwa na Bwana, mwanadamu asikitenganishe.

La tatu: kuzaliwa ni mwanzo. Mama akimzaa mtoto asimnyonyeshe, mtoto hufa, ijapokuwa alizaliwa kweli. Hakuna mtu atakayesema juu ya kaburi lake, "Huyu hakuzaliwa." Watasema, "Alizaliwa, lakini hakulishwa."

Na Nikodemo mwenyewe? Evanjili haitaji siku wala saa aliyogeuka. Lakini katika sura ya 7 yuko barazani pa wakubwa, akisema kwamba si haki kumhukumu Yezu kabla ya kumsikiliza. Na katika sura ya 19, siku ya mateso, mitume wengi walipokwisha kimbia, yeye alileta manemane na udi, karibu ratili 100, kwa kumzika Bwana. Mtu aliyekuja kwa siri usiku alisimama mbele ya watu mchana. Uzima uliopandwa ndani hukua hivyo: mara nyingi polepole, nao hujulikana kwa matunda.

3. Dhambi si mwiko

Hakuna awezaye kufahamu wokovu asipofahamu kwanza ameokolewa katika nini. Hapa makatekista wengi hupata taabu, kwa kuwa wasikilizaji hufikiri dhambi ni kitu kimoja na mwiko.

Mwiko una sheria yake. Mtu akikanyaga mahali palipokatazwa, hata kama hakujua, wazee husema kwamba ubaya umempata. Haulizwi alitaka nini. Huulizwa aligusa nini. Tena ubaya huo huondolewa kwa dawa au kwa malipo, moyo wa mtu ukibaki ulivyokuwa. Tena mwiko uliovunjwa gizani, kama hakuna ugonjwa wala msiba uliofuata, husahauliwa.

Dhambi si hivyo. Dhambi hutoka moyoni. Kanisa lafundisha kwamba dhambi ya mauti yataka mambo matatu pamoja: jambo lenyewe liwe kubwa, mtu ajue kwamba ni baya, naye akubali kwa hiari yake. Likikosa moja, haiwi dhambi ya mauti. Mtu aliyekula kitu cha mwingine akidhani ni chake hakuiba. Na mtu aliyeazimu kabisa kuiba, akakuta mlango umefungwa, amekwisha tenda dhambi moyoni, hata kama mikono yake ni mitupu. Dhambi yaweza kukaa miaka bila ugonjwa, bila msiba, bila mtu kujua; Mungu aiona, nayo huua urafiki wa mtu na Mungu. Dhambi nyepesi haiui urafiki huo, lakini huudhoofisha, kama homa ndogo isiyotibiwa.

Nyuma ya dhambi za kila mtu kuna dhambi ya asili. Kila mtoto wa Adamu huzaliwa akiwa amekosa neema ambayo wazazi wa kwanza waliipoteza. Mtoto mchanga hana hatia ya tendo lake mwenyewe. Lakini huzaliwa kama mtoto wa mtu aliyepoteza shamba la ukoo: yeye hakuliuza, lakini hana pa kulima.

Mtu wa mfano wetu alipokuwa Kolwezi hakupatwa na msiba wo wote kwa miaka mingi. Alikula, akacheka, akalala. Kwa kipimo cha mwiko alikuwa salama. Kwa kipimo cha Injili alikuwa maiti atembeaye, kwa maana alijua kiapo chake, alijua njaa ya mke wake, naye alitaka kusahau.

4. Wokovu haununuliwi

Je, mtu aweza kujitoa mwenyewe katika dhambi? Swali hili lilijibiwa zamani katika bara letu la Afrika. Mwanzoni mwa karne ya 5, mtawa mmoja kutoka visiwa vya Uingereza, jina lake Pelagio, alifundisha kwamba mtu akitaka kwa bidii aweza kuishika amri ya Mungu kwa nguvu zake za asili, na kwamba dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake. Aliyempinga zaidi ni Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo, katika nchi iitwayo sasa Aljeria. Agostino aliujua udhaifu wa mtu kwa maisha yake mwenyewe, maana alikawia miaka mingi katika dhambi kabla ya kubatizwa na Mtakatifu Ambrosio mjini Milano, usiku wa Pasaka, mwaka 387. Mwaka 418 maaskofu wa Afrika zaidi ya 200 walikutana Karthago, karibu na mahali ulipo sasa mji wa Tunis, wakayakataa mafundisho ya Pelagio. Walishuhudia kwamba neema haimsaidii mtu kujua mema tu; humpa pia kuyapenda na kuyatenda.

Mtaguso wa Trento, tarehe 13 Januari mwaka 1547, ulitamka jambo hilohilo: cho chote kinachotangulia kuhesabiwa haki, kiwe imani, yawe matendo, hakistahili neema hiyo kama mshahara. Lakini Mtaguso uliongeza kwamba Mungu hamwokoi mtu kama anayeburuta gogo. Humwamsha, naye mtu, akiisha amshwa, hukubali na kushirikiana, au hukataa. Ni kama mtu aliyeanguka kisimani. Hawezi kupanda mwenyewe. Kamba yatoka juu. Lakini kamba ikishuka, yampasa kuishika.

Kamba hiyo ni Yezu Kristu, aliyekufa na kufufuka kwa ajili ya watu wote. Juu ya jambo hili Wakristu waliogawanyika wamekaribiana: tarehe 31 Oktoba mwaka 1999, mjini Augsburg katika Ujeremani, wajumbe wa Kanisa Katoliki na wa Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja kwamba mtu hukubaliwa na Mungu kwa neema tu, kwa imani katika kazi ya Kristu, wala si kwa stahili yake mwenyewe. Katekista asiwatukane basi wahubiri wanaosema kwamba wokovu ni wa bure. Hilo wamesema kweli.

5. Muhuri usiofutika

Kama wokovu ni wa bure, basi yaonekana wazi kwa nini Kanisa huwabatiza watoto wachanga. Karibu na mwaka 253, askofu mmoja wa Afrika aliuliza kama si vizuri kungoja siku ya nane, kwa kufuata desturi ya tohara ya Wayahudi. Mtakatifu Sipriano wa Karthago na maaskofu wenzake, jumla yao 66, walijibu kwamba mtoto asicheleweshwe, kwa kuwa neema ya Mungu haimnyimi mtu awaye yote aliyezaliwa. Mtoto hana cha kulipa. Na mzee vilevile hana cha kulipa. Wote wawili hupokea.

Lakini mtoto aliyepokea asichokijua yampasa kukijua baadaye. Wazazi na wasimamizi waliahidi kwa jina lake. Ndiyo sababu kila mwaka, katika kesha la Pasaka, Wakristu wote hushika mishumaa yao na kurudia ahadi za ubatizo kwa midomo yao wenyewe. Anayezirudia bila kufikiri amepoteza jambo kubwa.

Ubatizo hufuta dhambi ya asili na dhambi zote zilizotendwa. Humfanya mtu mwana wa Mungu na kiungo cha Kanisa. Tena hutia rohoni muhuri usiofutika. Dhambi yaweza kuifukuza neema, lakini haiwezi kuufuta muhuri. Kwa hiyo ubatizo haurudiwi. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, sura ya 4, ataja Bwana mmoja, imani moja, ubatizo mmoja.

Mtu aweza kusema: "Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, Paulo aliwabatiza watu waliokwisha batizwa." Ni kweli, walikuwa kama kumi na wawili, mjini Efeso. Lakini wao walikuwa wamepata ubatizo wa Yoane, wala hawakuwa wamesikia habari za Roho Mtakatifu. Ule haukuwa Ubatizo wa Kristu. Afadhali kusoma sura ya 8 ya kitabu hichohicho. Huko Simoni, mchawi wa Samaria, aliamini akabatizwa. Baadaye akataka kununua uwezo wa Roho Mtakatifu kwa fedha. Dhambi yake ilikuwa kubwa, na Petro alimkemea vikali. Lakini alimwambia afanye nini? Hakumrudisha majini. Alimwamuru atubu na kumwomba Bwana msamaha. Mlango wa kurudi kwa aliyebatizwa ni toba.

6. Karthago: walioanguka

Mwaka 249 Desio alikuwa mfalme wa Roma. Muda mfupi baadaye alitoa amri kwamba watu wote wa dola watolee miungu sadaka mbele ya wakubwa, wapewe cheti cha kushuhudia. Vyeti vya namna hiyo zaidi ya 40, vilivyoandikwa juu ya mafunjo, vimeokotwa katika mchanga wa Misri. Mtu aweza kuvisoma hata leo.

Katika Karthago Sipriano alikuwa askofu mpya. Yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mtu mzima, mwalimu wa ufasaha, tajiri na mwenye sifa. Aliandika kwamba kabla ya ubatizo alidhani haiwezekani mtu azaliwe upya, avue tabia zilizokomaa ndani yake kwa miaka. Lakini alipotoka majini aliona kwamba lililokuwa gumu limekuwa jepesi. Sasa aliwatazama Wakristu wake, waliozaliwa upya kama yeye, wakienda kwa makundi kutoa sadaka. Wengine walichinja, wengine walifukiza ubani, wengine hawakufanya hivyo, bali walinunua cheti cha uongo kwa fedha.

Mateso yalipopoa, walioanguka walirudi mlangoni pa kanisa wakilia. Wafanywe nini? Watu wa upande mmoja walisema wapokewe mara moja, bila toba ndefu, kana kwamba hapakuwa na jambo. Watu wa upande wa pili walimfuata padri Novasiano wa Roma, ambaye mwaka 251 alijifanya askofu dhidi ya Papa Korneli. Hao walisema walioanguka wasipokewe tena hata kufa kwao.

Sipriano alikataa njia zote mbili. Mwaka 251 maaskofu walikutana Karthago wakaamua kwamba habari ya kila mtu ichunguzwe peke yake. Walionunua vyeti tu wapokewe baada ya toba. Waliotoa sadaka wadumu katika toba, na wakikaribia kufa wapewe amani. Baadaye kidogo, walipoona mateso mengine yanakaribia, maaskofu waliwapa amani wote waliokuwa wamedumu katika toba, kwa maana askari asipelekwe vitani bila silaha na bila chakula cha Bwana.

Jambo moja liangaliwe sana. Katika magomvi hayo yote, juu ya watu waliomkana Kristu mbele ya sanamu, hakuna aliyesema, "Wabatizwe tena." Wote walijua kwamba hao ni wana. Mwana aliyetoroka humrudia baba. Hatafuti tumbo jingine la kuzaliwa.

Sipriano mwenyewe alikosea katika jambo lililo jirani: alidhani waliobatizwa nje ya Kanisa Katoliki yapasa wabatizwe wakirudi. Papa Stefano alimpinga kwa kushika desturi ya zamani, na mwaka 314 mtaguso wa Arles, katika nchi iitwayo sasa Ufaransa, uliamua kwamba aliyebatizwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu awekewe mikono tu. Agostino aliwaeleza Waafrika sababu yake: mkono wa mhudumu ni wa mtu, lakini abatizaye ni Kristu. Kosa hilo Sipriano alilifunika kwa damu: tarehe 14 Septemba mwaka 258 alikatwa kichwa kwa ajili ya Kristu.

Jina la Karthago si geni kwa misioni za Ziwa Tanganyika. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadri Weupe mwaka 1868, alikuwa askofu mkuu wa Karthago tangu mwaka 1884. Na mwaka 1885 wana wake walipokea kituo cha Mpala. Yeye ndiye aliyewataka wamisionari wasiharakishe ubatizo, bali watu wazima wafundishwe na kujaribiwa miaka minne. Mababu walioingoja Sakramenti hiyo miaka minne hawakudhani ni maji matupu.

7. Mlango wa kurudi

Jioni ya Pasaka Yezu aliwapa mitume uwezo wa kuondolea dhambi. Petro, aliyemkana mara tatu, hakubatizwa tena. Aliulizwa mara tatu kando ya ziwa kama apenda. Sakramenti ya Kitubio ni swali hilo la kando ya ziwa, likiulizwa kwa kila Mkristu aliyeanguka.

Yatakiwa mambo manne kwa atubuye.

Kwanza, kutafuta dhambi moyoni. Mtu asitafute dhambi za mke wake, wala za jirani, wala za mhubiri. Atafute zake.

Pili, majuto pamoja na nia ya kuacha. Majuto kamili hutoka katika mapendo kwa Mungu. Majuto yasiyo kamili hutoka katika ubaya wa dhambi au hofu ya adhabu. Hata haya yatosha kwa kupokea Sakramenti vema. Lakini mtu anayejuta tu kwa kuwa amefilisika bado hajajuta.

Tatu, maungamo. Dhambi za mauti ziungamwe zote, aina yake na hesabu yake, kadiri mtu akumbukavyo. Padri amefungwa na siri. Hawezi kuitoa hata akitishwa kuuawa.

Nne, malipizi. Hapa wengi hukosa. Wadhani sala tatu zilizotajwa na padri zimemaliza yote. Aliyeiba yampasa kurudisha. Aliyesingizia yampasa kusafisha jina la mwenzake. Msamaha wa Mungu haufuti deni la jirani. Humpa mdeni nguvu za kulilipa.

Na swali la njiani, "Je, umeokoka?", lijibiweje? Mkristu ajibu kwa unyenyekevu: "Nilizaliwa upya kwa Ubatizo. Leo Mungu aendelea kuniokoa katika sala, katika Sakramenti na katika vita vya kila siku. Natumaini kuokolewa mwisho, nikidumu." Jibu hilo halina majivuno wala hofu ya mtumwa.

Tena lina mashahidi katika nchi ya Kongo. Mwenye heri Isidori Bakanja alibatizwa mwaka 1906, akiwa kijana mfanya kazi. Mwaka 1909 alipigwa mijeledi vibaya sana kwa sababu ya skapulari na sala zake, akafa mwaka huohuo kwa vidonda hivyo, akiahidi kumwombea mtu aliyempiga. Mwenye heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro, mwezi wa Desemba mwaka 1964, akimsamehe mwuaji wake. Hakuna aliyehitaji kuwauliza kama walizaliwa mara ya pili.

8. Jibu la katekista

Basi katekista alimjibuje yule mtu wa usiku? Hakumhubiri sana. Alimwambia: "Baba, kesho usiende ziwani. Katika kitabu cha ubatizo cha misioni jina lako limeandikwa, na pembeni yake imeandikwa siku ya Kipaimara na siku ya ndoa. Kitabu kile hakina mahali pa kuandika dhambi, wala hakina mahali pa kuandika ubatizo wa pili. Ubatizo wako haukuwa wa uongo. Kama ungekuwa wa uongo, usingekusumbua hivi. Mwana ndiye aonaye haya mbele ya nyumba ya baba. Mpita njia haoni haya."

Mtu yule akauliza: "Basi nifanye nini?"

"Siku ya Posho padri huketi kuungamisha. Nenda. Ukirudi, kuna madeni matatu: mke wako, mtoto uliyemwacha Kolwezi, na mama yake. Mtoto yule hakutenda dhambi, yampasa kula. Maji ya ziwa hayatamlisha."

Siku ya Posho alitembea saa tatu hata misioni, akaungama, akapokea maondoleo. Aliporudi alimwambia mke wake kwa maneno wazi aliyoyatenda, hakuacha moja, wala hakujisingizia umaskini. Mke wake alisikiliza, hakujibu. Katekista hakumlazimisha, msamaha ulioamriwa na mtu mwingine si msamaha. Mtu yule alichukua jembe, akalima sehemu ngumu ya shamba. Alipouza mihogo ya kwanza, alipeleka fungu la Kolwezi kwa mikono ya mtu mwaminifu.

Mvua ziliisha, na kiangazi kikaingia. Dominika moja, baada ya Misa, mke wake hakufuata njia ya nyumbani. Alimwita mumewe kwa jina lake la ubatizo, akatangulia kwenda makaburini. Akasimama penye kaburi dogo lililozungushiwa mawe, akamwonyesha, akamtajia jina la mtoto wao. Mtu yule alipiga magoti. Mke wake naye akapiga magoti kando yake. Ndipo alipoanza kusema naye.

Maswali ya marudio

1. Kuna tofauti gani kati ya dhambi na mwiko? Mwalimu awaache wanafunzi watoe mifano ya kijiji chao wenyewe.
2. Mambo gani matatu hufanya dhambi iwe ya mauti?
3. Kwa nini Kanisa hubatiza watoto wachanga, na wazazi wana wajibu gani baadaye?
4. Petro alimwamuru Simoni wa Samaria afanye nini, naye hakumwamuru nini?
5. Maaskofu wa Karthago walikataa njia gani mbili, na kwa sababu gani?
6. Kwa nini mtu wa mfano alikuwa na madeni hata baada ya maondoleo?

Tendo la juma: kila Mkristu aulize siku ya ubatizo wake kwa wazazi au katika kitabu cha misioni, aiandike ndani ya kitabu chake cha sala, na siku hiyo ikifika kila mwaka arudie ahadi zake. Na aliye na deni kwa jirani alianze kulipa kabla ya Dominika.